Jina la mtu kwenye kazi yake

Wandugu waandishi, wanamuziki na wapiga picha wa Lubumbashi, asanteni kwa kuniita. Nitaongea zaidi juu ya jina la mtu kwenye kazi yake, maana hapo ndipo pesa yetu inapopotelea.

Lakini nianze na redio. Redio nyingi za hapa zilikula kwa komunike. Matanga, harusi, mkutano wa kanisa: mtu alileta karatasi, akalipa, ikasomwa. Leo habari ya matanga inafika kwenye vikundi vya WhatsApp kabla jamaa hawajamaliza kupanga viti. Matangazo ya kampuni nayo yamehamia Facebook na YouTube. Mafuta ya jenereta na mshahara wa mwandishi vimebaki kwa redio. Australia ilitunga sheria mwaka 2021 ili majukwaa hayo yakubaliane malipo na vyombo vya habari. Kanada ilipofuata mwaka 2023, Meta, kampuni yenye Facebook, iliamua kufunga habari zote kwenye kurasa zake za huko. Kwa hiyo tusingoje sheria peke yake ituokoe.

Na sheria tunayo. Ile ya hakimiliki ni namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1963. Chini ya mkataba huo, haki yako inaanza pale unapotunga. Hauombi muhuri wa ofisi yoyote. Vijana wengi hawalijui hili, na inaniuma.

Lakini haki isiyo na jina haina pa kupelekwa. Tuangalie YouTube. Tangu 2007 wana mfumo unaoitwa Content ID. Mwenye wimbo anaweka nakala yake, kisha mashine inalinganisha kila video inayopandishwa na nakala hiyo. Ikifanana, mwenye nakala anachagua: video ifungwe, au pesa ya matangazo ije kwake. Mfumo huo wanapewa wenye kazi nyingi, wakubwa. Msanii wa Katuba, hapa Lubumbashi, anaupata kupitia kampuni ya usambazaji. Sasa wimbo wako umetoka studio kwa fleshi, umepita simu kwa simu, faili inaitwa «track 03». Mtu asiyekujua akiusajili kwa jina lake, mashine itamwamini yeye, na wewe ndiwe utakayetafuta ushahidi.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mpiga gitaa huko Jadotville, Likasi ya leo. Jina la Mwenda Jean Bosco likaandikwa. Zaidi ya miaka 70 imepita, na wapiga gitaa wa nchi za mbali bado wanajifunza vidole vyake wakimtaja kwa jina. Ni wangapi walipiga vizuri vilevile hapa Katanga, bila mtu kuwaandika? Swali hilo haliniachi.

Basi, mpiga picha: andika jina, mahali na tarehe ndani ya faili kabla ya kuituma kwa mtu yeyote, na picha ya asili usiifute. Mwandishi: tunza sauti za mahojiano. Wanamuziki, ninyi nawasihi: kabla ya kutoka studio, andikeni nani ametunga maneno, nani sauti, nani amepiga gitaa, na kila mmoja anachukua asilimia ngapi. Watie saini wote, hata mdogo aliyeitikia tu.

Sasa nipeni maswali.