Yeremia Ananunua Shamba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Fungueni Yeremia 32, na kidole kikae hapo hapo, maana hatutatoka mbali.

Nimeombwa niseme juu ya utii na kumtumaini Mungu. Najua somo hili likitajwa, wengi mnamwona Ibrahimu akipanda Moria na kisu mkononi. Leo tumpumzishe mzee wetu. Tumtazame mtu aliyeambiwa anunue shamba.

Ni mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, maboma yake yamefika ukutani. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu amesema mji utaanguka. Humo ndimo anamoingia Hanameli, mtoto wa ndugu ya baba yake: nunua shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako.

Anathothi! Kijiji kiko kilomita 5 hivi kutoka mjini, na kati yake na Yeremia kumejaa askari wa adui. Tena ukirudi sura ya 11, utakuta watu wa Anathothi ndio walewale waliomwambia aache kutabiri, la sivyo watamwua. Kwa hiyo atoe fedha kwa ajili ya ardhi asiyoweza kuikanyaga, katika kijiji kilichotaka kumtoa roho. Na huyo Hanameli, kwa maoni yangu, alikuwa na shida ya fedha tu, hana habari na unabii.

Sasa someni mstari wa 8 polepole. Mungu alikwisha kumwambia Yeremia kwamba Hanameli atakuja. Hanameli akaja kweli. Yeremia anasema: "Ndipo nikajua ya kuwa neno hili ni neno la Bwana." Ndipo! Huyu ni nabii wa karibu miaka 40, na bado alisikia, akangoja, akaona, ndipo akajua. Na alilosikia halikupingana na torati, maana Walawi 25 inampa ndugu wa karibu haki ya kukomboa ardhi ya ukoo. Basi mtu akikujia na "Bwana amesema unipe akiba yako", nawe ukiomba siku mbili za kutafakari anakunja uso, mpeleke mstari wa 8.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ingawa wasomaji wengi huiruka. Yeremia anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Ibrahimu alilipa 400 pale Makpela, alipomnunulia Sara mahali pa kuzikwa; hizi ni kama gramu 200, kiasi cha kukaa mkononi. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Nakala ni mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi. Anamkabidhi Baruku, mwandishi wake, mbele ya Hanameli, mbele ya mashahidi waliotia sahihi, mbele ya Wayahudi wote walioketi uwandani. Kisha anaagiza hati zote mbili zitiwe katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi.

Hebu wazieni wafungwa wenzake wakitazama. Nje kuna vishindo vya vita, ndani kuna mtu anahesabu mashahidi wa shamba! Kama angekuwa anaigiza tu, nakala moja ingetosha. Nakala ya pili na chungu ni kazi ya mtu anayetegemea kwamba siku moja kuna atakayeulizwa, shamba hili ni la nani?

Na je, moyoni alikuwa ametulia? Someni mstari wa 16. Alipokwisha kumpa Baruku hati, ndipo akaomba. Maombi yanaanza kwa sifa, kwamba hakuna neno gumu Mungu asiloliweza. Anapita kwenye uumbaji, Misri, nchi waliyopewa baba zao, hadi mstari wa 25 linamtoka lililomkaa rohoni: umeniambia ninunue shamba, nao mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, ndio hao Wababeli! Kwa lugha ya kwetu sisi: Baba, mbona sikuelewi? Shaka ilikuwepo. Lakini wino ulikuwa umekwisha kukauka.

Tumezoea kwenda kinyume. Tunauliza kwanza, tunauliza tena, na utii unangoja majibu yatimie. Yeremia alihakikisha jambo moja tu, kwamba aliyesema ni Mungu. Yaliyobaki aliyauliza fedha ikiwa imeshatoka. Wala hakukemewa kwa kuuliza. Mungu alichukua maneno yake mwenyewe akamrudishia yakiwa swali: je, kuna neno gumu lo lote nisiloliweza?

Ila mazingira hayakubadilika. Mstari wa 28 Mungu anasema wazi kwamba mji utatekwa, na mwaka uliofuata ukatekwa. Baadaye Yeremia alichukuliwa Misri, na hakuna mahali Maandiko yanaposema alipanda hata mche mmoja Anathothi.

Sasa toeni kidole, mfungue Ezra 2. Ni orodha ya waliorudi kutoka Babeli, majina matupu na hesabu, sura ambayo hakuna anayeomba kuisoma ibadani. Teremkeni mpaka mstari wa 23.

Watu wa Anathothi, 128.