Kuseti taimingi kwenye gari la kale lenye plagi mbili kila silinda

Ndugu mafundi wa Tabora, na ninyi vijana mnaojifunza, habari za asubuhi. Leo tunazungumzia taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kwenye injini ambazo kila silinda ina plagi mbili. Rolls-Royce Silver Ghost, iliyotengenezwa kuanzia 1906 hadi 1926, ni mojawapo: plagi moja inapata umeme wa magneto, mashine ndogo inayozalisha umeme wake kwa sumaku, nyingine wa koili na betri.

Plagi ya pili si ya akiba tu. Moto ukiwashwa sehemu mbili, mchanganyiko unamalizika kuwaka upesi, kwa hiyo cheche haihitaji kutangulia sana. Faida hiyo mnaipata cheche zote mbili zikiruka pamoja. Moja ikichelewa, inakuta moto wa mwenzake umeshatangulia. Na hapa ndipo watu wanapokosea: wanawasha mifumo yote miwili, kisha wanaseti kwa sikio. Sikio halitawaambia kitu, maana mfumo ulio salama unauficha ule mbovu.

Anzeni na platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke. Kama kitabu cha gari hakisemi vingine, upande wa koili wekeni nafasi ya 0.4 mm kati yake, upande wa magneto 0.3 mm. Taimingi inafuata baadaye, kwa sababu nafasi ikiwa pana platini zinafunguka mapema, ikiwa finyu zinachelewa. Ukigusa platini baada ya kuseti taimingi, umeifuta kazi yako yote.

Kisha tafuteni pistoni namba moja ikiwa juu kabisa. Toeni plagi zote, mmoja azibe tundu kwa kidole gumba huku mwenzake anazungusha hendeli. Upepo ukisukuma kidole, huo ndio mgandamizo. Sasa fungeni kizuizi kwenye tundu, zungusheni polepole mpaka pistoni iguse, chora alama kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Zungusheni upande wa pili mpaka iguse tena, chora ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Lakini angalieni sana: kwenye injini ya valvu za pembeni, yaani zilizo kando ya silinda, tundu la plagi mara nyingi liko juu ya valvu, si juu ya pistoni. Ukiweka kizuizi hapo utapinda valvu. Injini hiyo ifuateni kwa alama za kiwandani.

Digrii, yaani umbali wa cheche kutoka alama ya pistoni juu kabisa, mtazipima kwa futi ya fundi cherehani, inalala vizuri kwenye mviringo. Flaiwili ya kipenyo cha 400 mm, digrii moja ni kama 3.5 mm ukingoni. Digrii 12 ni 42 mm.

Upande wa koili ni rahisi. Rudisheni wenzo wa taimingi mwisho wa kuchelewesha, taa ndogo ya kujaribia iunganishwe kati ya waya mwembamba wa disitribyuta (kigawa umeme wa plagi) na bodi ya gari, washeni swichi. Taa inawaka pale platini zinapoachana. Zungusheni injini upande inaozungukia siku zote. Mkipita alama ya digrii mliyopima, rudini nyuma robo mzunguko mje tena, la sivyo ulegevu wa gia utawadanganya.

Kwenye magneto msitumie taa hiyo wala betri. Waya wake wa ndani una ukinzani mdogo mno, taa haitaonyesha tofauti, na umeme wa betri unaweza kudhoofisha sumaku. Chukueni karatasi nyembamba ya kuviringia sigara, ibaneni kati ya platini, ivuteni taratibu huku injini inazungushwa. Itakapoteleza tu, hapo ndipo cheche inaruka. Sehemu hiyo ilingane na ile ya koili, wenzo ukiwa mwisho wa kuchelewa, na ilingane tena ukiwa mwisho wa kutangulia. Watu wengi wanapima upande mmoja tu, na gari likishika kasi cheche zinaachana.

Neno la usalama. Swichi ya koili inakata umeme. Swichi ya magneto inauzima kwa kuuunganisha na bodi. Waya wake ukikatika, magneto iko hai hata swichi ikiwa imezimwa, na hendeli inaweza kukuvunja mkono. Gumba likae upande mmoja na vidole vingine.

Hapa Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, injini haigongi upesi. Digrii moja au mbili zaidi inavumilia, mradi muongeze pande zote mbili sawasawa.

Mwisho washeni, injini ipate moto, zimeni mfumo mmoja mmoja kwa zamu. Mizunguko itapungua kidogo, na ipungue karibu sawa. Upande mmoja ukiuzima na injini ikaanza kumisi au kuzimika, ule uliobaki ndio wenye tatizo: tazameni kondensa (kile kidude kinachozuia platini zisiungue) na waya za plagi kabla ya kurudi kwenye taimingi.