Kung'oa Bure, Kuziba kwa Hela

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba kila mmoja apitishe ulimi kwenye meno yake ya nyuma. Polepole. Wengi mmekuta pengo, nami ninalo. Sasa jiulize: jino lile liling'olewa kwa kuwa halikuwa na tiba, au kwa kuwa koleo ndilo mfuko ulilimudu?

Jino halifi ghafla. Huanza kwa doa jeupe lisilouma, na hapo dawa ya meno yenye floridi huweza kulirudisha nyuma. Likiachwa, linakuwa tundu. Kuziba ni kazi ya kikao kimoja. Tundu likifika kwenye neva, usiku hulali, shavu linavimba, na tiba ya mzizi inataka vikao na hela. Fedha za umma, penye nazo, mara nyingi hutokea mwisho kabisa, kwenye kung'oa. Yaani tunachangiwa kuwa mapengo!

Chanzo kimoja ni cha zamani. Mwaka 1840 chuo cha udaktari wa meno kilianzishwa Baltimore, Marekani, mbali na vyuo vya tiba. Fani zikaachana, na bima nazo zikafuata mkondo huo huo. Medicare, bima ya wazee wa Marekani iliyopitishwa 1965, iliyaacha nje matibabu ya kawaida ya meno, kana kwamba kinywa hakimo mwilini.

Uingereza walithubutu. Huduma yao ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948, meno yalitibiwa bure, watu wakafurika. Mwaka 1951 serikali ikaamua kutoza meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo, akaachia uwaziri. Wapo wanaosimulia kisa hiki kuonyesha kwamba cha bure huzaa uroho. Mimi sikubali. Nani hupanga foleni ya meno ya bandia kwa uroho? Yale yalikuwa maumivu ya miaka mingi yaliyopata mlango siku moja.

Tena msiambiwe kwamba vifaa ni ghali mno. Mwaka 1980 na kitu, Tanzania ilianza kujaribiwa njia ya kuziba isiyotumia mashine wala umeme. Mtaalamu anakwangua sehemu iliyolainika kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha anashindilia saruji ya meno kwa kidole. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno ya floridi, Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Na mwaka 2022 shirika hilo hilo lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa.

Kwa hiyo bajeti ya afya ikisomwa, utafuteni mstari wa meno, kama upo, muone unanunua nini: makoleo au vijiko.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.