Majimoto katika Mikorosho Yetu

Ndugu mwenyekiti, wanachama wa chama cha msingi, maafisa ugani na wanafunzi mliofika hapa Tandahimba, nimeombwa nizungumze juu ya mdudu ambaye kila aliyewahi kupogoa mkorosho anamjua vizuri, ingawa si kwa mapenzi. Majimoto, ambao jina lao la kisayansi ni Oecophylla longinoda, ni sisimizi wenyeji wa mitini. Hawakusanyi majani makavu ya misonobari chini yakawa kilima, kama wafanyavyo sisimizi wekundu wa misitu ya Ulaya. Nyumba yao ni majani mabichi ambayo bado yako hai tawini.

Ujenzi wake unastahili kutazamwa kwa makini. Wafanyakazi wakubwa hujipanga ukingoni mwa jani, wakalikamata kwa miguu ya nyuma, wakauma jani la pili kwa taya na kuvuta kwa pamoja. Pengo likizidi urefu wa mwili wa mmoja wao, hushikana viuno, huyu nyuma ya yule, mpaka mnyororo ufike ng'ambo. Majani yakishakutana, wengine huleta mabuu waliokaribia kukomaa, wakiwabana kwa upole kwenye taya. Buu akigusishwa kwenye jani hutoa uzi wa hariri, na mfanyakazi humpeleka upande huu na kumrudisha upande ule, kama mshonaji wa mkeka anavyounganisha kili. Hariri hiyo yote huishia kwenye kiota, kwa hiyo buu mwenyewe hugeuka pupa bila kifuko cha kumfunika.

Kundi moja kwa kawaida lina malkia mmoja, na viota vyake vinaweza kufika makumi, vikiwa vimetawanyika kwenye miti kadhaa. Wafanyakazi wadogo hubaki ndani wakilea. Wakubwa huwinda na kulinda, nao wakiuma huinyunyizia ngozi asidi, na mwasho wake mnaujua.

Ulinzi huo ndio faida yetu. Mkorosho unapochipua na kutoa maua, mbu wa mikorosho hufyonza machipukizi, akaacha madoa meusi na ncha zilizokauka, na kunguni wa minazi hushambulia korosho changa. Mti wenye majimoto wengi huwasumbua wadudu hao mchana na usiku. M. J. Way alilichunguza jambo hilo kwenye minazi ya Zanzibar katika miaka ya 1950, na huko China kuna maandiko, yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 304, yanayoeleza viota vya jamaa zao wa Asia vikiuzwa kwa wenye michungwa.

Najua mnalalamika kwamba wanauma. Kwenye mwembe ningekubali, maana embe huchumwa mtini. Korosho tunaiokota chini baada ya bibo kuanguka, kwa hiyo usumbufu mkubwa ni wakati wa kupogoa tu. Kasoro yao nyingine ni kwamba huwalinda wadudu magamba ili wapate majimaji yao matamu. Tena dhidi ya ubwiriunga hawana msaada wowote, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa kuvu.

Adui yao mkubwa shambani ni sisimizi mdogo wa kahawia mwenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, ambaye hutaga na kuishi ardhini na huwazuia kupita chini. Wa pili, kwa maoni yangu, ni sisi wenyewe tunapopuliza dawa ya wadudu shamba zima bila kuangalia ni miti ipi tayari ina ulinzi. Anayetaka kuwaeneza anaweza kufunga kamba kutoka mti wenye viota hadi mti wa jirani, ili wapite juu kwa juu. Lakini asiunganishe makundi mawili tofauti, kwani yatapigana. Kujua ni rahisi: mchukue majimoto mmoja kwa kijiti, umweke kwenye mti wa pili, wenyeji wakimvamia na kumnyoosha miguu huku na huku, hao si wa kundi moja, na kamba hiyo usiifunge.