Kocha wa Soksi

CHANDE: Mwanaidi, usianze. Ndiyo, nimekuja studio na ndala.

MWANAIDI: Wasikilizaji, mwenzangu anachechemea kama kuku aliyefungwa mguu!

CHANDE: Jumamosi nilicheza kikapu na vijana wa mtaani. Raba mpya, soksi za kuazima. Kisigino chote malengelenge. Na wiki hii ndiyo zamu ya kumzungumzia John Wooden, kocha wa kikapu wa Marekani!

MWANAIDI: Huyo angekuketisha benchi mpira haujarushwa.

CHANDE: Kabisa. Pale UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles alikofundisha, mazoezi ya kwanza ya msimu, somo lilikuwa soksi. Vuta taratibu, pitisha mkono vidoleni na kisiginoni, mkunjo usibaki, ndipo ukaze kamba za viatu. Mkunjo huleta lengelenge, na lengelenge hukutoa uwanjani.

MWANAIDI: Mbele yake ameketi Lew Alcindor, ndiye nyota Kareem Abdul-Jabbar wa baadaye, futi 7 na inchi 2, anafundishwa soksi! Mie mama alinimalizia somo hilo chekechea.

CHANDE: Tazama matokeo basi, dada. Ubingwa wa vyuo mara 10 ndani ya miaka 12, saba kati ya hizo mfululizo. Mechi 88 anashinda tu, mpaka chuo cha Notre Dame kilipomfunga, Januari 1974, 71 kwa 70.

MWANAIDI: Tena UCLA walikuwa mbele kwa pointi 11, zimebaki dakika tatu na ushei. Wakafungwa 12 bila kujibu. Siku hiyo soksi alivalisha nani?

CHANDE: Acha hizo! Nina mafunzo matatu hapa kwenye karatasi...

MWANAIDI: Ngoja. Alifika 1948, taji la kwanza 1964. Huku Kariakoo sare mbili tu, kocha anafungasha.

CHANDE: Hilo ndilo funzo la kwanza...

MWANAIDI: Na Sam Gilbert?

CHANDE: Nilijua tu.

MWANAIDI: Tajiri wa ujenzi, kipenzi cha wachezaji, anayetajwa kuwapa zawadi zisizoruhusiwa. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, ilipoiadhibu UCLA mwaka 1981, ilikitaka chuo kiachane naye. Kocha anayekagua soksi za kila mtu, hajui nani anawalea wachezaji wake nje ya uwanja?

CHANDE: 1981 ameshastaafu miaka sita! Kocha si polisi. Wale watu wazima.

MWANAIDI: Watu wazima? Bill Walton, nyota wake, si aliambiwa anyoe au aondoke? Ndevu anaziona, tajiri hamuoni?

CHANDE: Ndevu ziko usoni, Mwanaidi. Mambo ya tajiri yanafanyika nyumbani kwake.

MWANAIDI: Asiyetaka kujua haulizi.

CHANDE: Unamhukumu marehemu kwa hisia.

MWANAIDI: Nawe unamtetea kwa makombe.

CHANDE: Sikubali.

MWANAIDI: Wala mimi. Haya, fundi mitambo anatuonyesha saa.

CHANDE: Nisome moja tu!

MWANAIDI: Wenye chumba wako mlangoni, kaka. Wiki ijayo tunaye mwamuzi wa netiboli, tumemsubiri tangu Ramadhani.

CHANDE: Na karatasi yangu?

MWANAIDI: Ipige picha, uitupie kwenye grupu.