Kugeuza Pikipiki Taratibu Bila Kushusha Mguu: Maandalizi ya Mtihani wa Leseni

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Niko Morogoro, kwenye uwanja wa kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Ni saa moja na nusu asubuhi, jua halijawa kali, na injini nimeiwasha dakika 5 zilizopita ipate joto. Nyuma yangu mnaiona milima ya Uluguru. Ishikeni kichwani hiyo milima, tutaihitaji.

Leo tunafanya jambo moja tu: kugeuza pikipiki, wengi tunaita kupiga yutani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ndani ya nafasi finyu, miguu yote miwili ikiwa juu ya vikanyagio. Jambo hili linawaangusha hata watu wenye miaka mingi barabarani. Nasema hivyo kwa sababu liliniangusha mimi. Nilikuwa nimeshabeba abiria miaka 4 bila leseni, kosa ambalo silitetei, ndipo nikaenda kufanya mtihani wa leseni ya daraja A, ile ya pikipiki. Nikaambiwa, geuza hapo. Nikageuza kama tulivyozoea kijiweni: nikashusha miguu yote miwili, nikaikokota pikipiki mpaka ikatazama ilikotoka. Nikaambiwa nirudi siku nyingine. Nilisononeka sana, kwa sababu niliamini kuendesha nakujua.

Sasa nakuonyesha nilichokuwa sikijui.

Kijiweni tunageuza kwa miguu kwa kuwa abiria anaita na kila mtu anataka kuwahi. Lakini pikipiki hizi tupu zina zaidi ya kilo 100. Weka abiria, weka gunia la mkaa au ndoo mbili za maji, halafu ilale upande mmoja huku mguu wako umeutanguliza chini. Mguu hauwezi kuzuia uzito huo. Kinachoumia ni goti au kifundo. Kwa hiyo usione kwamba mtahini anakuonea anapokutaka ubaki na miguu juu. Anataka aone kama pikipiki inasimamishwa na mwendo wake yenyewe, au wewe ndiye gongo lake.

Kabla ya kupanda, tukague vitu vinne. Kamera isogee hapa. Mkono wa klachi: uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 3 tu kabla kebo haijaanza kuvuta. Ukilegea sana, hutajua klachi inashikia wapi. Mnyororo: ukilegea, pikipiki inarukaruka kila unapogusa mafuta, na katika mwendo mdogo mruko mmoja unatosha kukuyumbisha. Upepo: tairi la mbele likiwa na upepo kidogo, usukani unakuwa mzito. Mwisho sailensa, yaani mngurumo wa injini ukiwa hujavuta mafuta: injini ingurume yenyewe bila kuzimika ukiachia mafuta. Kama inazima, mwambie fundi aipandishe kidogo kabla ya siku ya mtihani.

Vaa helmeti na uifunge kidevuni. Vaa viatu vinavyofunika kifundo na suruali ndefu. Ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia, na sisi tutageukia kulia. Ikikulalia upande huo ukiwa na kaptula na kandambili, shavu la mguu litaungua. Nimeona kovu hilo kwa vijana wengi mno.

Sasa uwanja. Hapa nimechora mistari miwili kwa majivu ya jikoni, na pembeni nimepanga chupa tupu za plastiki, ambazo hata ukizigonga hazikuangushi. Kati ya mstari na mstari ni mita 9, yaani hatua 9 kubwa za mtu mzima. Hapo ndipo tunaanzia. Nikutajie na vipimo vya wenzetu, upate picha ya tunakokwenda: Uingereza, kwenye sehemu ya kwanza ya mtihani wa pikipiki, mtahiniwa anageuza ndani ya mita 7.5. Marekani, kwenye mafunzo ya msingi, mwenye pikipiki ya chini ya cc 600 anapewa futi 20, karibu mita 6. Na barabara zetu nyingi za lami za njia mbili zina upana kama mita 6.5 au 7. Kwa hiyo mita 6 ndiyo shabaha yetu, lakini usiikimbilie leo.

Hatua ya kwanza haina kona hata kidogo. Weka gia namba moja. Achia klachi polepole mpaka usikie injini inashusha sauti na pikipiki inataka kusogea. Simama hapo hapo. Rudisha, achia tena, mara 20. Mkono wa kushoto ujue mahali hapo kama unavyojua swichi ya taa ya nyumbani kwako gizani. Halafu vuta mafuta kidogo, yabaki yalivyo, na uanze kwenda mbele polepole kabisa ukitumia mkono wa klachi peke yake: achia unywele mmoja, pikipiki inaongeza mwendo. Vuta unywele mmoja, inapunguza. Mafuta usiyaguse tena.

Najua swali lako: klachi haitaungua? Klachi za pikipiki hizi zinaogelea ndani ya oili, na oili ndiyo inayozipoza. Kuishikilia nusu kwa muda mfupi haina madhara. Ila usifanye nusu saa mfululizo. Kila baada ya dakika 10 pumzika, na injini nayo ipumzike.

Ongeza mguu wa kulia sasa. Kanyaga breki ya nyuma kidogo sana, huku klachi ikiendelea kuvuta. Injini inasukuma, breki inazuia, na pikipiki inatulia katikati, inakuwa nzito na tulivu kama mtumbwi wenye mzigo. Hisia hiyo itafute hadi uipate. Breki ya mbele iache kabisa: vidole vyote vizunguke mkono wa mafuta. Usukani ukiwa umekatwa kona, ukigusa breki ya mbele tu pikipiki inaanguka kwa ndani, na hutapata muda wa kuishika.

Enda mita 20, rudi. Ukiweza kutumia sekunde 15 kwenye mita hizo 20 bila mguu kushuka, uko tayari kwa kona. Kama huwezi, bakia hapa leo nzima. Wanafunzi wangu wanaoruka hatua hii ndio wanaorudi wiki ya pili wakiwa na vioo vilivyovunjika.

Hatua ya pili ni macho. Hapa nitakaa sana, maana wanaoshindwa wengi hushindwa hapa.

Mtu akianza kugeuza, anaangalia chini, mbele ya tairi. Anaogopa kuukanyaga mstari, kwa hiyo anautazama mstari. Na akiutazama, anaukanyaga. Ukitazama chini, kichwa kinainama, mabega yanafuata kichwa, mikono inafuata mabega, na pikipiki inalalia palepale ulipopatazama. Ukigeuza kichwa kutazama unakotaka kutokea, kifua kinageuka, kiwiko cha nje kinanyooka, na usukani unakatika wenyewe zaidi kuliko ungethubutu kuukata.

Ndiyo maana nimekuleta mbele ya Uluguru. Anza ukiwa umeipa milima mgongo. Ukitaka kukata kona, geuza kidevu chako kipite juu ya bega la kulia, uitafute milima. Iko mbali na iko juu, kwa hiyo huwezi kuiona ukiwa umeinamisha kichwa. Kitazame kilele kimoja, ubaki nacho hadi pua ya pikipiki ielekee huko. Ukiwa Shinyanga au Zanzibar na huna mlima, chukua mnara wa simu, mnazi, tenki la maji, chochote kilicho juu kuliko kichwa chako na kiko mbali. Kabla hata ya kupanda, fanya kwa miguu: simama, geuza kichwa kabisa, halafu tembea nusu duara bila kutazama ardhi. Majirani watakushangaa, waache.

Hatua ya tatu, mwili. Tazama kutoka nyuma. Nageukia kulia: tako langu nalisogeza kidogo kushoto, na uzito naukanyagia kikanyagio cha kushoto. Pikipiki inalala kulia, mimi nimebaki wima. Kwenye kona za kasi tunalala pamoja nayo, lakini katika mwendo huu mdogo mwili ndio mzani: yenyewe inaenda huku, wewe unaenda kule. Magoti yakumbatie tangi kwa upole, viwiko vilegee.

Kulia kuna ugumu wake, na nisingependa ukutane nao siku ya mtihani. Usukani ukikatwa kulia hadi mwisho, mkono wa mafuta unakuja karibu na tumbo lako na kiwiko kinakunjika. Kifundo cha mkono kikijikunja, mafuta yanaongezeka au yanakatika bila wewe kutaka. Dawa yake ni kubadili mshiko kabla hujaanza: shika mkono wa mafuta kwa mshazari, kama unavyoshika bisibisi. Angalia mkono wangu. Sasa naweza kukata hadi mwisho na mafuta hayajasogea.

Tunaunganisha. Niko ukingoni kushoto, nimesimama. Indiketa ya kulia nawasha. Kioo cha kushoto, kioo cha kulia. Nageuza kichwa kabisa niangalie nyuma kupitia bega la kulia, kwa sababu vioo vyetu havioni bodaboda aliyekaribia ubavuni. Hili usilifanye kwa kuigiza. Mtahini anatazama helmeti yako, na ukigeuza bila kuangalia nyuma, anaweza kukuangusha hata kama duara lako lilikuwa zuri. Pako wazi? Naondoka, nakwenda mita moja au mbili moja kwa moja ili pikipiki ipate utulivu. Breki ya nyuma imegusa, klachi iko nusu. Naangalia nyuma mara nyingine, haraka. Kidevu begani. Milima. Nauacha usukani ukatike, nasogea kushoto kwenye siti, inalala, inazunguka, inazunguka, nakiona kilele, naachia klachi, inasimama wima. Indiketa nazima.

Umeona pale katikati ilipotaka kuanguka? Pale ndipo moyo unapopasuka, na mkono wa kushoto unataka kukamata klachi yote. Usikamate! Ukivuta klachi yote tairi la nyuma linakosa nguvu, na kilichokuwa kinaishikilia pikipiki isilale ni nguvu hiyo hiyo. Fanya kinyume: iachie klachi unywele mmoja. Pikipiki itasukuma na kuinuka yenyewe chini yako. Mara ya kwanza hutaamini. Nenda kajaribu kwenye duara pana la mita 12, ilaze kidogo halafu iachie klachi, ujionee inavyonyanyuka, mpaka mkono uache kuogopa.

Na ikishindikana kabisa, ikiwa inakwenda chini, iache iende. Ondoa mguu, toka upande wa juu. Bampa litakwaruzika, na bampa linauzwa.

Mnaonitazama kutoka Kigali, Bujumbura au Goma, ninyi mnaendesha kulia, kwa hiyo mnaanzia ukingo wa kulia na kugeukia kushoto, na bega la kuangalia ni la kushoto. Mengine yote ni yale yale. Ila kila mtu ajifunze pande zote mbili, hata kama mtihani unataka moja.

Mazoezi yaende hivi: mita 9 mpaka ufaulu mara 10 mfululizo bila mguu kushuka. Ukishusha mguu mara ya tisa, unaanza upya kuhesabu. Halafu sogeza majivu hadi 7.5. Halafu 6. Dakika 30 kwa siku zinatosha, mkono wa klachi ukichoka unadanganya. Kwenye 6 ukishakuwa na raha, panga madumu mawili uzunguke namba nane, hapo kulia na kushoto vinaungana.

Nyongeza kwa watakaofanyia mtihani barabarani. Lami imeinuka katikati na kuinama kingoni ili maji ya mvua yatoke. Ukianza kugeuza unapanda, ukivuka katikati unashuka, na pikipiki inaongeza mwendo ghafla ukingo wa pili ukiwa unakusogelea. Hapo ndipo watu wanaishia mtaroni. Ukivuka katikati, ongeza breki ya nyuma kidogo. Klachi usiiguse. Na mchanga uliokusanyika ukingoni uukague kwa macho kabla hujaanza, uchague sehemu iliyofagika.

Naizungusha mara tatu zaidi, safari hii bila kuongea. Mara ya kwanza tazama mkono wangu wa kushoto tu. Mara ya pili tazama mguu wa kulia. Mara ya tatu usitazame pikipiki kabisa, tazama helmeti yangu inageuka lini.