Kiraka si Mchezaji Aliyekosa Namba

(Mhadhara kwa makocha wa timu za vijana)

Mwenyekiti, makocha wenzangu, ahsanteni. Wanaonijua wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nimekuja na wimbo wangu uleule. Chekeni tu. Nitaacha kuuimba siku nitakapopita uwanja wa mazoezi nisimsikie kocha akimwambia kijana wa miaka 14: "Wewe leo kacheze beki ya kulia, mwenzako hajaja." Wiki ijayo anakuwa winga, wiki inayofuata anakaa golini. Mzazi akiuliza mwanangu anacheza namba ngapi, kocha anatunisha kifua: "Huyu ni kiraka, mzee, anacheza popote." Hapana! Huyo hachezi popote. Huyo hajafundishwa kucheza mahali hata pamoja, ndiyo maana anapangwa kila mahali.

Kwa hiyo leo nimewaletea James Milner, yule kiraka wa Kiingereza. Naona kuna nyuso zimenyong'onyea, mlitegemea nije na Messi. Messi yupo, atakuja baadaye, tena atakuja kwa hasira.

Orodha ya klabu zake mnayo kwenye simu zenu: Leeds, Newcastle, Aston Villa, Manchester City, Liverpool, Brighton. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kazipita zile 632 za Ryan Giggs. Sitapoteza muda huko. Swali langu ni moja tu: mtu anafikaje mahali ambapo kocha anaweza kumpanga beki wa kushoto msimu mzima, wakati hakuzaliwa beki wala hatumii mguu wa kushoto, na timu isiyumbe?

Jibu linaanzia mwanzoni kabisa. Milner ni mtoto wa Leeds, kazaliwa Januari 1986. Alianza kucheza Ligi Kuu Novemba 2002 akiwa na miaka 16, na Desemba 26 mwaka huohuo akaifunga Sunderland. Siku hiyo akawa mfungaji mwenye umri mdogo kuliko wote katika historia ya ligi hiyo. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Wayne Rooney, tena ilikuwa bado ya moto, haijamaliza hata miezi mitatu. Baadaye James Vaughan wa Everton akaja kuivunja ya kwake mwaka 2005. Nayasema haya kwa sababu humu ndani kuna watu, na sitawataja, wanaoamini kwamba kiraka ni kijana asiye na kipaji aliyebahatika kuwa na mapafu. Milner alianza akiwa kijana wa ajabu. Alikuwa anatajwa sambamba na Rooney!

Sasa sikilizeni vizuri. Leeds alicheza winga. Leeds wakashuka daraja 2004, akauzwa Newcastle, akacheza winga. Akapelekwa Villa kwa mkopo, winga. Akarudi Newcastle, winga. Mwaka 2008 Villa wakamnunua moja kwa moja kwa pauni milioni 12, bado ni winga. Kulia au kushoto, lakini ni pembeni, na kazi ni ileile: kokota, piga krosi, rudi umsaidie beki wako. Kuanzia 2002 hadi 2009 hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Hakuna aliyemwita kiraka wakati huo.

Mwaka 2009 Gareth Barry akaondoka Villa kwenda Manchester City, katikati kukabaki shimo. Kocha Martin O'Neill akamtoa Milner pembeni akamwingiza ndani. Msimu huo haujaisha wachezaji wenzake wa Uingereza wakampigia kura ya mchezaji bora kijana wa mwaka 2010. City wakaja na dili lililokadiriwa kufikia pauni milioni 26, Stephen Ireland akiwa ndani yake kama sehemu ya malipo. Mnaona mtiririko? Miaka yote hiyo kwanza alikuwa na kazi moja, kisha ndiyo akapewa ya pili. Tena hiyo ya pili ilikuwa jirani na ile ya kwanza. Winga anayejua kurudi kukaba, ukimsogeza hatua kumi ndani, anakuta watu walewale na mpira uleule, isipokuwa sasa anazungukwa pande zote badala ya kuwa na mstari mgongoni. Hilo linafundishika. Ila kumtoa mtoto golini kumpeleka winga halafu beki wa kati ndani ya mwezi mmoja si mafunzo, ni kuziba mapengo ya daftari la mahudhurio.

Kuna mtu hapa atasema: "Kocha, lakini pale City si alikuwa anasugua benchi?" Kweli. Kabeba makombe mawili ya ligi, 2012 na 2014, na mara nyingi alianza mechi akiwa amevaa koti. Ukiwa unaweza kucheza sehemu tano, kocha anakuona wewe ndiye bima yake, na bima haitolewi kabatini mpaka nyumba iungue. Iliungua mara kadhaa. Desemba 2013 City wako Munich, wamefungwa mawili na Bayern, wakarudisha, na bao la tatu la ushindi likawa la Milner. Januari 2015 washambuliaji wameumia, kocha Manuel Pellegrini akamsimamisha mbele kabisa. Siku anatimiza miaka 29 akaifunga Sheffield Wednesday mabao mawili kwenye Kombe la FA, la pili likiingia dakika za nyongeza. Hata hivyo alichoka. Mkataba ulipokwisha 2015 akaenda Liverpool bure, na ilijulikana wazi anachokitaka: kucheza kiungo wa kati.

Msimu wake wa pili pale, kocha Jürgen Klopp akamfanya beki wa kushoto.

Cheka nikucheke. Amevaa jezi namba 7, ile waliyoivaa Kevin Keegan na Kenny Dalglish, amesimama namba tatu. Alicheza mechi 36 za ligi msimu wa 2016/17, akafunga mabao saba, yote ya penalti, na Liverpool wakamaliza ndani ya nne bora. Hapa naomba tupunguze mwendo, maana ndipo penye somo la kiufundi.

Mtu wa mguu wa kulia akicheza beki ya kushoto ana tatizo moja kubwa. Mpira ukimjia kutoka kwa beki wa kati, mwili wake unataka kugeukia ndani, na winga wa wapinzani analijua hilo, anamfungia ndani. Akitaka kupita nje lazima auguse kwa kushoto, mguu asiouamini. Mtazameni Milner wa msimu ule. Kabla mpira haujafika ameshafungua mwili, mgongo uko kwenye mstari, anaupokea kwa mguu wa mbali, na kichwa kimeshatazama mara mbili. Sasa winga aliye mbele yake hajui afunge njia ipi. Na mbele ya Milner yuko mwenzake Philippe Coutinho, ambaye hakai pembeni hata umfunge kamba, anaingia ndani kutafuta shuti. Pembeni kunabaki peupe. Nani anaijaza sehemu hiyo? Yule aliyekuwa winga tangu akiwa na miaka 16. Anapanda, akifika karibu na kibendera anakata, anaurudisha mpira kulia, anautia majalo. Ubeki alijifunza msimu ule, lakini nusu ya kazi ile alikuwa ameianza utotoni kule Leeds. Kama mna kijana wa mguu wa kulia mnataka kumjaribu kushoto, anzeni na jambo hili moja la kupokea mpira mwili ukiwa wazi. Msianze na krosi.

Haya, sasa twende Anfield, uwanja wa Liverpool, Mei 7, 2019, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Najua mmenisikia nikiisimulia. Mtaisikia tena.

Barcelona wanakuja na mabao matatu ya mechi ya kwanza. Mohamed Salah hayupo, Roberto Firmino hayupo. Katika ile mechi ya kwanza Milner alimchezea Messi faulo ya nguvu, na mwenyewe amesimulia kwamba wakielekea vyumbani Messi alimporomoshea maneno kwa Kihispania na kumwita punda. Milner alijifunza Kihispania, kwa hiyo akaelewa kila kitu. Basi huyo punda anaanza kiungo Anfield. Divock Origi anafunga mapema. Kipindi cha kwanza kinakwisha 1-0, na Andy Robertson, beki wa kushoto, ameumia, haendelei.

Simamisheni mkanda hapo. Nyie ndio Klopp. Mna dakika 45, mnahitaji mabao mawili zaidi angalau kusawazisha, na beki wenu wa kushoto amekaa chini na barafu mguuni. Benchi mnaye Joe Gomez, beki. Kocha wa kawaida anafanya nini? Beki katoka, beki anaingia. Ndivyo tunavyofanya sote, na hakuna atakayetulaumu. Klopp akamwingiza Georginio Wijnaldum, kiungo, tena kiungo mwenye hasira za kuanzia benchi, na mwenyewe alikiri baada ya mechi. Milner akasogea namba tatu, upande ambao Messi anapenda kuanzia. Dakika ya 54 Wijnaldum anafunga. Dakika ya 56 anafunga tena, kwa kichwa. Jumla imekuwa 3-3, meza inapinduka. Origi akamalizia la nne kwa ile kona ya haraka ya Trent Alexander-Arnold iliyowakuta Barcelona wamelala.

Kwenye vibanda umiza vyote watu waliimba Wijnaldum, Origi, kona ya Trent. Hakuna aliyeimba jina la mtu aliyehama kutoka kiungo kwenda beki bila timu kutetereka. Lakini mtoeni huyo mtu muone. Kama Milner hawezi kucheza beki ya kushoto, anaingia beki, Wijnaldum anaendelea kununa benchi, na yale mabao mawili sijui nani anafunga. Kiraka hakufunga. Kiraka alimnunulia kocha badiliko. Ukimtafuta kwenye takwimu za usiku ule humwoni, na mimi nawaomba mumtafute vilevile!

Mtaniambia nampamba. Sawa, niwape la upande wa pili. Januari ya mwaka huohuo, mabeki wa kulia wameumia, Milner mwenye miaka 33 akapangwa beki ya kulia dhidi ya Crystal Palace, mbele ya Wilfried Zaha. Zaha akamchosha, kadi ya kwanza, kadi ya pili, nyekundu. Liverpool wakaponea chupuchupu 4-3. Na mwamuzi aliyemtoa, Jon Moss, alikuwa mwalimu wake wa michezo shule ya msingi. Si utani, ni kweli kabisa. Hebu fikiria mwalimu wako wa darasani anakufuata mpaka Anfield kukuambia toka nje. Kwa hiyo sisemi kiraka anaweza kila kitu. Winga mwenye kasi ya Zaha akimkuta beki wa kuazima mwenye umri ule, ukweli unajitokeza. Ndiyo maana kocha anayejua hamwachi kiraka wake pale kwa miezi. Klopp mwenyewe alimnunua Robertson kutoka Hull 2017, Milner akarudi kiungo, na msimu huohuo wa 2017/18 akatoa pasi tisa za mabao kwenye Ligi ya Mabingwa, rekodi ya msimu mmoja wakati huo. Tisa! Mchezaji mliyesema hana kipaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya timu ya taifa: mechi 61, bao moja tu, dhidi ya Moldova 2012, akastaafu 2016. Nairuka. Nilitaka pia kumzungumzia Erasto Nyoni wetu aliyezichezea Simba na Taifa Stars, beki wa pembeni, beki wa kati, kiungo, maana tunaye mfano wa nyumbani na hatumsomi. Naye anastahili siku yake. John O'Shea wa Manchester United aliyesimama golini dhidi ya Tottenham 2007 akamzuia Robbie Keane, huyo ni Mwairishi, na ile ilikuwa dharura, msiniletee kama hoja.

La Brighton nalisema kwa sababu lina maana. Agosti 2025, miaka 39, anatokea benchi dhidi ya Manchester City, timu yake ya zamani. Brighton wako nyuma kwa bao moja, inapatikana penalti, vijana wote wale uwanjani, mpira anapewa nani? Akafunga, akashangilia kwa kumkumbuka marehemu Diogo Jota aliyecheza naye Liverpool, na ambaye namba yake 20 alikuwa ameamua kuivaa. Kwenye ligi hiyo aliyewahi kufunga akiwa na umri mkubwa zaidi ni Teddy Sheringham peke yake. Kwa hiyo yumo kwenye orodha ya wadogo kabisa na yumo kwenye orodha ya wazee kabisa, na katikati hapo kacheza kila namba isipokuwa golini na beki wa kati.

Na wale mtakaoniambia Waingereza wana viwanja na vifaa: kumwacha mtoto namba moja kwa misimu miwili hakuhitaji nyasi bandia. Kunahitaji kocha anayekubali kufungwa mechi ya Jumamosi kwa sababu beki wake hajaja na hakutaka kumharibu winga wake. Najua, mnasema kamati zitawafukuza. Hilo tutalijadili siku kamati wakiwemo, si leo.

Haya, maswali. Tuanze na yule ndugu wa nyuma mwenye jezi ya Arsenal, ametikisa kichwa tangu niliposema Anfield. Mpeni maikrofoni.